Namna ya Kuhesabu Bondi za Sigma na Pai Bila Kupotea: Mwongozo Kamili

Swali lenyewe huwa fupi: molekuli hii ina sigma ngapi na pai ngapi? Majibu ndiyo huwa mengi. Nimesahihisha madaftari ambamo molekuli moja ilipata majibu matano tofauti, na wote waliokosea walikuwa wameikariri vizuri kanuni ya mistari inayochorwa kati ya atomu mbili, kila mstari ukiwa bondi moja: mstari mmoja ni sigma, mistari miwili ni sigma moja na pai moja, mistari mitatu ni sigma moja na pai mbili.

Kanuni haina kosa. Watu hupotea kabla hata hawajaifikia, kwa sababu wanahesabu kutoka kwenye fomula iliyochapwa badala ya mchoro waliouchora wenyewe. Fomula huficha mistari. CH₂CHCN haionyeshi bondi hata moja, ilhali ndani yake mna mistari tisa.

Tutaichukua molekuli hiyohiyo, propenonitrili, ambayo ni malighafi ya nyuzi za akriliki, na kuihesabu kwa njia tatu zisizotegemeana. Njia zote tatu zikikupa jibu moja, umefika. Zikigombana, utajua palipoharibika kabla mwalimu hajakuonyesha.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi isiyo na mistari. Karatasi yenye mistari huchanganya macho pale mistari ya bondi inapokuwa mingi.
- Penseli, na kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya sigma, nyingine ya pai. Ukiziacha kwa kuona ni mambo ya watoto, utarudi kuzichukua kwenye hatua ya nne.
- Jedwali la elementi. Unachohitaji humo ni idadi ya elektroni za nje tu: haidrojeni 1, kaboni 4, naitrojeni 5, oksijeni na salfa 6, klorini na ndugu zake 7.
- Udongo laini wa kuchezea na vijiti vya meno kama kumi na tano, kwa ajili ya hatua ya sita.
- Mikono yako miwili. Tunaanza nayo.

## Kabla ya kuanza: vidole viwili

Nyoosha vidole vyako vya shahada na uvigusanishe ncha kwa ncha. Hiyo ndiyo sigma. Obitali mbili, yaani maeneo yanayokaliwa na elektroni za atomu, zimeelekeana na kulaliana kwenye mstari ule ule unaounganisha viini viwili vya atomu, na wingu la elektroni limekaa katikati yao. Sasa zungusha kidole kimoja kama unavyozungusha bisibisi. Ncha bado zinagusana. Ndiyo maana atomu zilizounganishwa na sigma pekee huweza kujizungusha bila bondi kuvunjika.

Sasa simamisha vidole hivyo wima, sambamba, vikiwa vimekaribiana. Hizo ni obitali mbili za p, aina yenye sehemu mbili, moja kila upande wa kiini. Zinalaliana ubavu kwa ubavu, sehemu ya juu kwa juu na ya chini kwa chini. Hiyo ni pai. Wingu lake liko juu na chini ya mstari wa viini, na kwenye mstari wenyewe hakuna kitu. Laza kidole kimoja huku kingine kikiwa wima, uone: ubavu umepotea, pai imekufa.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kati ya atomu mbili kuna mstari mmoja tu unaounganisha viini, basi nafasi ya ncha kwa ncha ni moja tu. Ikishachukuliwa, bondi ya pili na ya tatu hazina pa kukaa ila ubavuni. Kwa hiyo bondi ya mistari miwili haiwezi kuwa pai mbili, wala ya mistari mitatu haiwezi kuwa sigma mbili na pai moja. Nimeyakuta majibu hayo yote mawili, tena yameandikwa kwa wino mzito.

## Hatua ya 1: Jumlisha elektroni za nje

Kwa CH₂CHCN: kaboni tatu ni 3 × 4 = 12, haidrojeni tatu ni 3, naitrojeni moja ni 5. Jumla 20.

Kama ni ayoni, yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji, ongeza elektroni moja kwa kila chaji hasi na punguza moja kwa kila chaji chanya. Andika jumla hiyo kwenye kona ya karatasi na uizungushie duara. Ni bajeti yako: mwisho wa kazi lazima elektroni zote zionekane zimetumika, isizidi hata moja.

Ukifanikiwa: una namba shufwa. Ukipata namba witiri, rudia hesabu. Ikibaki witiri, molekuli yako ina elektroni isiyo na mwenzake, kama ilivyo naitrojeni monoksaidi (NO), na njia ya hatua ya tatu haitaifaa.

## Hatua ya 2: Chora mifupa, na mifupa pekee

Unganisha kila atomu na jirani yake kwa mstari mmoja tu. Hata kama unajua mahali fulani pana mistari mitatu, zuia mkono. Hatua hii ni ya sigma peke yake, na tumia rangi yake.

Kwa molekuli yetu: kaboni ya kwanza ina haidrojeni mbili, inaungana na kaboni ya pili yenye haidrojeni moja, hiyo inaungana na kaboni ya tatu isiyo na haidrojeni, na mwisho ni naitrojeni. Hesabu mistari: C–H tatu, C–C mbili, C–N moja. Sigma 6.

Sasa ihakikishe bila kutazama mchoro:

Sigma = idadi ya atomu − 1 + idadi ya pete

Atomu ni 7, pete hakuna, 7 − 1 = 6. Sababu yake ni rahisi. Atomu ya kwanza ukiiweka mezani haihitaji bondi. Kila inayofuata hushikwa kwa sigma moja. Kufunga pete kunadai sigma moja ya ziada, ile ya kuunganisha mwisho na mwanzo. Benzini (C₆H₆) ina atomu 12 na pete moja: 12 − 1 + 1 = 12. Naftalini (C₁₀H₈) ina atomu 18 na pete mbili: 18 − 1 + 2 = 19.

Hatua hii ndiyo inayoangusha wengi, basi tukae hapa kidogo.

Haidrojeni zilizofichwa. Katika michoro ya mistari mitupu, ile ya pembe na ncha bila herufi, kila ncha na kila kona ni kaboni, na haidrojeni zake hazichorwi. Mtu huitazama benzini akaona pembe sita na mistari tisa, akajibu sigma 6 na pai 3. Amesahau C–H sita. Ukipewa mchoro wa namna hiyo, kazi ya kwanza ni kujaza haidrojeni mpaka kila kaboni iwe na mistari minne.

Mpangilio wa fomula fupi. Fomula huandikwa kwa mstari mmoja, lakini molekuli haikai hivyo. Katika CH₃COCH₃, oksijeni haiko katikati ya kaboni mbili; imening'inia kwenye kaboni ya kati kwa mistari miwili. Katika CHO, haidrojeni imeshikwa na kaboni, si oksijeni. Katika COOH, oksijeni moja ina mistari miwili kwenda kwenye kaboni, na nyingine inashika haidrojeni. Hakuna bondi ya oksijeni kwa oksijeni. Katika NO₂ iliyo ubavuni mwa kaboni, naitrojeni ndiyo inayogusa kaboni.

Haidrojeni haikai katikati. Ina nafasi ya bondi moja tu. Ipo molekuli ya boroni, B₂H₆, inayoivunja sheria hii kwa haidrojeni mbili zinazokaa kama madaraja, lakini ukikutana nayo utaambiwa.

Ukifanikiwa: mistari uliyoihesabu kwenye mchoro inalingana na fomula ya atomu na pete. Isipolingana usiendelee. Umesahau atomu, au umeunganisha mara mbili.

## Hatua ya 3: Tafuta mistari yote kabla ya kuichora

Kila atomu nzito, yaani isiyo haidrojeni, inataka elektroni 8 kuizunguka, na haidrojeni inataka 2. Jumlisha mahitaji yote kana kwamba hakuna anayemgawia mwenzake, toa elektroni ulizonazo, gawa kwa mbili:

Mistari yote = (mahitaji − bajeti) ÷ 2

Upungufu huo ndio unaozibwa kwa kushirikiana, na kila bondi moja huziba upungufu wa elektroni mbili.

Kwa CH₂CHCN: atomu nzito nne ni 4 × 8 = 32, haidrojeni tatu ni 3 × 2 = 6, jumla 38. Toa 20, inabaki 18. Gawa kwa mbili: mistari 9.

Sigma tayari tunazijua, ni 6. Basi pai = 9 − 6 = 3. Tumepata jibu kabla ya kuchora mstari wa pili popote. Hiyo ndiyo njia ya kwanza kati ya zile tatu.

Jaribu kwa kaboni dioksaidi: 24 − 16 = 8, mistari 4; sigma 2; pai 2. Kaboni monoksaidi: 16 − 10 = 6, mistari 3; sigma 1; pai 2. Inapendeza kwa sababu CO huwatatiza wengi. Wanataka kuipa mistari miwili kwa kuwa oksijeni "huwa na mistari miwili". Bondi moja kati ya zile tatu, elektroni zake zote mbili zimetoka kwa oksijeni. Haidhuru. Bondi ikishafungwa haiulizwi elektroni zake zilitoka wapi.

Onyo. Njia hii inaheshimu kanuni ya nane tu. Salfa heksafloraidi (SF₆) itakupa mistari 4, ilhali mifupa peke yake inadai 6. Mistari ikiwa michache kuliko sigma, ujue atomu ya kati imepita nane. Boroni trifloraidi (BF₃) itakupa pai moja, lakini kwa kawaida huchorwa bila pai, boroni ikiwa imeridhika na elektroni sita. Kwa molekuli za kaboni, naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo nyingi kwenye mitihani, njia hii ni ya kutegemewa.

## Hatua ya 4: Weka pai mahali pake

Chukua kalamu ya rangi ya pili. Tazama kila atomu na uulize: mistari yake ya kawaida ni mingapi, na sasa inayo mingapi? Kaboni hutaka minne, naitrojeni mitatu, oksijeni miwili.

Kaboni ya kwanza inayo 3, imepungukiwa 1. Ya pili inayo 3, imepungukiwa 1. Ya tatu inayo 2, imepungukiwa 2. Naitrojeni inayo 1, imepungukiwa 2. Pai huunganisha majirani waliopungukiwa, kwa hiyo kaboni ya kwanza na ya pili wanapeana pai moja, na kaboni ya tatu na naitrojeni wanapeana mbili:

H₂C=CH–C≡N

Ukijaribu kuweka pai kati ya kaboni ya pili na ya tatu, kaboni ya kwanza itabaki na mistari mitatu bila wa kumsaidia. Makosa ya namna hii huonekana mara moja ukitumia rangi. Kwa penseli tupu yanajificha.

Sasa jozi pweke, yaani jozi za elektroni zinazobaki kwa atomu moja bila kuwa bondi. Bajeti ni 20, yaani jozi 10. Mistari imetumia jozi 9. Iliyobaki ni moja, na inakwenda kwa naitrojeni, ambayo ina mistari mitatu (elektroni 6) na inataka 8.

Ukifanikiwa: rangi ya kwanza imechora mistari 6, ya pili 3, jozi pweke ni 1, jumla jozi 10. Hiyo ni njia ya pili, nayo imekubaliana na ya kwanza.

## Hatua ya 5: Hakikisha kwa obitali zilizobaki

Njia ya tatu inaanzia upande mwingine kabisa, kwenye mseto wa obitali za kila atomu, yaani jinsi atomu inavyochanganya obitali yake ya s na zile za p ili kubeba sigma na jozi pweke.

Kwa kila atomu nzito, jumlisha sigma zake na jozi pweke zake. Usijumlishe pai. Ukiweka pai humu, kila kitu kitaharibika.

- Jumla 4: mseto wa sp³, pembe karibu nyuzi 109.5, hakuna obitali ya p iliyobaki.
- Jumla 3: mseto wa sp², pembe karibu nyuzi 120, p moja imebaki.
- Jumla 2: mseto wa sp, nyuzi 180, p mbili zimebaki.

Obitali za p zilizobaki nje ya mseto ndizo zinazosimama wima na kutengeneza pai, mbili kwa kila pai moja.

Kaboni ya kwanza: sigma 3, sp², p 1. Ya pili: sigma 3, sp², p 1. Ya tatu: sigma 2, sp, p 2. Naitrojeni: sigma 1 na jozi pweke 1, jumla 2, sp, p 2. Jumla ya p ni 6, na 6 ÷ 2 = 3. Pai tatu. Njia zote tatu zimekubaliana.

Onyo, na hili ni zito. Jozi pweke iliyo jirani na pai haikai kimya. Chukua methanamidi, HCONH₂. Naitrojeni yake ina sigma 3 na jozi pweke 1, jumla 4, na kanuni inasema sp³, umbo la piramidi. Lakini naitrojeni hiyo imelala bapa, kwa sababu jozi yake pweke inaingia kwenye obitali ya p na kushirikiana na pai ya C=O iliyo karibu. Ni sp². Hapo p zilizobaki zitakuwa 3, si 2, na mgawanyo wa kwa mbili utakuacha na nusu. Kabla ya kugawa, weka kando obitali ya p iliyobeba jozi pweke. Hiyo haihesabiwi kama nusu ya pai.

## Hatua ya 6: Ijenge, uizungushe

Unaweza kupata namba zote sahihi na bado usijue zinasema nini. Ndipo udongo unapofaa.

Tengeneza ethani kwanza: vipande viwili vya udongo vya kaboni, kijiti kimoja katikati, na haidrojeni tatu kila upande. Zungusha upande mmoja. Unazunguka bila taabu, na kwenye molekuli halisi kizuizi ni kidogo, kama kilojuli 12 kwa moli.

Sasa etheni. Kijiti kimoja cha sigma katikati, haidrojeni mbili kila upande zikiwa bapa na meza. Kisha chomeka kwenye kila kaboni kijiti kimoja kinachotokeza juu na chini, wima. Hivyo viwili ndivyo obitali zako za p, na vinatazamana ubavu. Zungusha upande mmoja nyuzi 90: vijiti havitazamani tena. Kufanya hivyo kwenye etheni halisi kunagharimu karibu kilojuli 270 kwa moli, kwa sababu ni lazima uvunje pai.

Ndiyo maana 2-buteni ziko mbili. Moja ina vikundi vya CH₃ upande mmoja wa bondi ya mistari miwili, nyingine inavyo pande tofauti, na haigeuki kuwa mwenzake hivi hivi. Ya kwanza huchemka karibu nyuzijoto 4 za Selsiasi, ya pili karibu 1. Jicho lako pia linaitegemea pai iliyofungika: mwanga ukiifikia molekuli ya retinali iliyo nyuma ya jicho, pai mojawapo hulegea, molekuli hujizungusha na kunyooka, na huo ndio mwanzo wa kuona.

Ukiwa bado na udongo mkononi, jenga propadieni, CH₂=C=CH₂. Binafsi hii ndiyo molekuli ninayoipenda kuliko zote katika mada hii, kwa sababu inamkamata aliyekariri. Sigma ni 6, pai ni 2, hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye umbo. Kaboni ya kati ina sigma mbili, ni sp, imebakiwa na p mbili. P hizo zinasimama kwa nyuzi 90 baina yao: moja ni wima, nyingine imelala. Ile ya wima inashirikiana na kaboni ya kushoto, iliyolala inashirikiana na ya kulia. Haidrojeni za kila mwisho hukaa kwenye bapa lililo pembeni ya obitali ya p ya kaboni yake, basi haidrojeni za kushoto zimelala na za kulia zimesimama. Wengi huichora bapa kama etheni iliyorefushwa. Ongeza kaboni moja, CH₂=C=C=CH₂, ujenge tena: safari hii inarudi kuwa bapa. Fuatilia vijiti vyako uone kwa nini. Ukiweza kumweleza mtu mwingine, mada ya pai umeimaliza.

Ukifanikiwa: unaweza kunyooshea kila pai kidole na kusema iko wima au imelala.

## Molekuli zinazohitaji uangalifu

Pai zisizo na makazi. Benzini ina pai 3, lakini usiulize ziko kati ya kaboni zipi. Bondi zote sita za pete zina urefu mmoja, pikomita 139, katikati ya 154 ya ethani na 134 ya etheni. Ozoni (O₃) ina sigma 2 na pai 1, na bondi zake mbili zina urefu sawa, kama pikomita 128. Nitreti (NO₃⁻) na kaboneti (CO₃²⁻) zina sigma 3 na pai 1 iliyosambaa kwa oksijeni zote tatu. Katika kuhesabu, chora umbo mojawapo na uhesabu hilo tu. Usijumlishe pai za michoro yote inayowezekana.

Chumvi. Kalsiamu kabaidi, CaC₂, ni mtego wa zamani. Kalsiamu imeshikwa kwa mvutano wa chaji, haina sigma wala pai. Hesabu ayoni ya C₂²⁻ peke yake: 16 − 10 = 6, mistari 3, sigma 1, pai 2.

Salfeti na wenzake. Kwa kanuni ya nane, SO₄²⁻ ina sigma 4 na haina pai. Vitabu vingi huichora na bondi mbili za mistari miwili na kuhesabu pai 2. Fuata mchoro wa kozi yako, na uuchore kwenye jibu ili msahihishaji aone ulichohesabu.

## Kuhusu nguvu: usikariri sentensi moja

Mtu akishahesabu huulizwa ipi ina nguvu. Kwa kaboni, wastani wa nishati ya kuivunja C–C ni karibu kilojuli 347 kwa moli, C=C karibu 614, C≡C karibu 839. Kwa kutoa, pai ya kwanza imeongeza 267, ya pili 225. Zote ni ndogo kuliko 347 ya sigma, na ndiyo sababu bromini hupoteza rangi yake haraka ikikutana na etheni lakini huiacha ethani gizani bila kuigusa: inashambulia pai, iliyo wazi juu na chini.

Lakini "sigma daima ina nguvu kuliko pai" si kweli. Kwa naitrojeni, N–N ni takribani 160 tu, huku N≡N ikiwa takribani 945. Gawa ziada hiyo kwa pai mbili, kila moja inabeba zaidi ya maradufu ya 160. Jozi pweke za naitrojeni mbili zilizo jirani husukumana na kuidhoofisha N–N. Sema basi "kwa kaboni", usiseme "daima".

## Majibu yakigombana

Kama hatua ya 3 imekupa pai nyingi kuliko hatua ya 4, karibu kila mara umesahau pete: sigma zako zimepungua kwa moja, na pai zimezidi kwa moja. Kama hatua ya 5 imekupa nusu, kuna jozi pweke iliyojificha ndani ya p. Kama bajeti haifungi, rudi kwenye chaji ya ayoni.

## Mazoezi manne

Fanya kwanza, kisha tazama. Funika majibu kwa karatasi.

1. Asidi ya ethanoiki, CH₃COOH.
2. Aspirini, C₉H₈O₄, yenye pete moja.
3. Tetrasianoetheni, (NC)₂C=C(CN)₂.
4. Kafeini, C₈H₁₀N₄O₂, yenye pete mbili.

La 1. Sigma 7, pai 1. Ukipata pai 2, umeipa oksijeni ya OH mistari miwili kwenda kwenye kaboni.

La 2. Atomu 21, pete 1, sigma 21. Mahitaji 120, bajeti 68, mistari 26, pai 5: tatu za pete na mbili za C=O. Huhitaji hata kuijua michoro yake.

La 3. Sigma 9, pai 9. Wengi hupata pai 8 kwa kuisahau ile ya katikati.

La 4. Atomu 24, pete 2, sigma 25. Mahitaji 132, bajeti 74, mistari 29, pai 4. Ukiendelea mpaka mseto, naitrojeni tatu zenye CH₃ zitakupa jumla ya 4 na utashawishika kuandika sp³. Zitazame tena: kila moja ina jozi pweke inayopakana na pai. Ziandike sp², na usizihesabu p zake tatu unapogawa kwa mbili.